Jim Thorpe na Deni la Carlisle

Miongoni mwa mambo ambayo mwanaisimu hujifunza mapema ni kwamba jina la mtu ni hati ya historia yake. Mtu ninayekusudia kumzungumzia leo aliitwa Wa-Tho-Huk kwao, jina ambalo hufasiriwa kuwa njia iliyoangazwa na umeme wa radi. Kanisa Katoliki lilimbatiza Jacobus Franciscus. Ulimwengu ulimjua kwa jina fupi la Jim Thorpe, na baada ya kufa kwake jina hilo likapewa mji mmoja wa Pennsylvania ambao, kwa kadiri ijulikanavyo, hakuwahi kuukanyaga akiwa hai.

Namleta mbele ya wasomaji, hasa walimu wenzangu na wanafunzi, kwa sababu kila mwaka tunawaambia vijana wenye vipawa vya michezo kwamba shule itawafungulia mlango kupitia miguu yao. Kauli hiyo ni ya kweli, ila haijakamilika. Aghalabu hatuwaelezi ni nani anayekaa mlangoni akikusanya viingilio. Thorpe alikuwa mpigaji mpira hodari kupita wote katika futiboli ya vyuo vya Marekani mwanzoni mwa karne ya ishirini, na wapo wengi walionufaika na mguu wake kabla yeye mwenyewe hajapata chochote.

Alizaliwa mwezi Mei mwaka 1887, karibu na mahali ambapo baadaye palijengwa mji wa Prague katika jimbo la Oklahoma. Wakati huo Oklahoma haikuwa jimbo bado. Ilikuwa nchi waliyotengewa wenyeji wa asili, watu ambao vitabu vyetu vya zamani viliwaita Wahindi Wekundu. (Jina hilo, msomaji, lilitokana na kosa la baharia aliyedhani amefika Bara Hindi, sioni haja ya sisi kuendelea kulibeba kosa hilo katika Kiswahili sanifu.) Babake, Hiram Thorpe, alizaliwa na baba wa asili ya Kiairishi na mama wa taifa la Sac na Fox. Mamake, Charlotte Vieux, alikuwa na damu ya Kifaransa na ya Wapotawatomi. Watu wa Sac na Fox walikuwa wamesukumwa hatua kwa hatua kutoka kwenye maziwa makuu ya kaskazini, wakapita Illinois, Iowa na Kansas, hadi wakafikishwa Oklahoma. Mwaka ule ule aliozaliwa mtoto huyu, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuigawa ardhi ya jumuiya za wenyeji vipande vipande kwa mtu mmoja mmoja, na kilichobaki baada ya ugawaji kikafunguliwa kwa walowezi. Mwezi Septemba 1891, Thorpe akiwa na umri wa miaka minne, walowezi waliruhusiwa kuingia kwa mbio katika ardhi ya Sac na Fox na kujitwalia viwanja. Msomaji wa Kenya hahitaji kufafanuliwa jambo la aina hiyo.

Thorpe alizaliwa pacha. Ndugu yake, Charlie, aliugua kichomi akafariki wakiwa na umri wa miaka tisa hivi, na tangu hapo Jim akawa mtoro sugu wa shule. Alitoroka shule ya karibu na nyumbani mara kadha wa kadha. Babake akaona dawa ni kumpeleka mbali, katika shule ya bweni ya Haskell iliyoko Kansas. Huko nako alitoroka. Mamake alifariki kwa matatizo ya uzazi. Mwaka 1904 kijana alipelekwa mbali zaidi, katika Shule ya Ufundi ya Carlisle, Pennsylvania, na katika mwaka huo huo babake naye akafa. Alikuwa na umri usiozidi miaka kumi na saba, bila mama, bila baba, bila pacha.

Yafaa tusimame kidogo hapa Carlisle. Shule hii ilianzishwa mwaka 1879 katika kambi ya jeshi na afisa wa kijeshi aliyeitwa Richard Henry Pratt. Falsafa yake ilikuwa wazi: mtoto wa mwenyeji angeokolewa endapo uenyeji wake ungeuawa ndani yake. Watoto waliopokelewa huko walinyolewa nywele, wakavuliwa mavazi yao, wakavishwa sare za kiaskari. Wa kwanza kufika waliandikiwa majina ya Kizungu ubaoni, wakapewa kijiti waelekeze jina lolote, na hilo likawa jina lao hata kama hawakuweza kulisoma. Lugha za kwao zilipigwa marufuku, na aliyenaswa akizungumza lugha ya mama aliadhibiwa. Walimu wanaokumbuka kibao kilichovishwa shingoni mwa mwanafunzi aliyenaswa akisema lugha ya nyumbani katika shule zetu watakubali kwamba ukoloni ulikuwa na mtaala mmoja uliosafiri mbali. Zaidi ya watoto mia moja walizikwa katika makaburi ya shule hiyo. Kuhusu Kisauk, lugha iliyompa Thorpe jina lake la kwanza, ni jamaa ya karibu ya Kifoksi na Kikikapu katika ukoo wa lugha za Kialgonkwini. Leo wanaoijua tangu utotoni ni wachache mno, na taifa lenyewe linajitahidi kuwafundisha vijana upya. Hasara hiyo haikuletwa na wakati peke yake. Ilipangwa, ikagharamiwa, ikasimamiwa na walimu.

Wanafunzi wa Carlisle walisoma nusu siku na kufanya kazi za mikono nusu siku, kisha kwa miezi mingi wakagawiwa kwa wakulima wa Kizungu wawafanyie kazi kwa ujira mdogo. Thorpe naye alipelekwa mashambani. Kama si michezo, pengine tusingalisikia habari zake kamwe.

Inasimuliwa kwamba siku moja mwaka 1907 alikuwa akipita karibu na uwanja akiwa amevaa nguo zake za kazi, akawaona wanariadha wa shule wakishindwa kuuruka upau uliowekwa kwenye kimo cha futi 5 na inchi 9. Akaomba ajaribu, akauruka. Kocha wa shule, Glenn Warner, aliyejulikana kwa jina la utani la Pop, akamwita siku iliyofuata. Warner alikuwa bingwa wa mbinu na mtu wa hesabu. Mwanzoni hakutaka Thorpe acheze futiboli kwa kuogopa kwamba mwanariadha wake bora angevunjwa mguu. Kijana alisisitiza. Akapewa mpira akaambiwa akimbie katikati ya walinzi wa timu ili nao wapate mazoezi ya kumwangusha. Akawapita wote, akarudia, akawapita tena. Suala likaishia hapo.

Msomaji asiyeujua mchezo huu anahitaji maelezo machache. Wamarekani wanauita futiboli ingawa mpira hubebwa mikononi kwa sehemu kubwa ya mchezo. Tusiuchanganye na kandanda yetu. Timu husonga mbele hatua kwa hatua ikiwa na mpira hadi iuvushe mstari wa mwisho wa wapinzani. Katika msimu wa 1911 kuuvusha mstari huo kulistahili pointi 5, na pointi moja ya ziada ikapatikana kwa teke. Timu ikikwama njiani, ina hiari ya kumwita mpigaji. Mwenzake huushikilia mpira wima ardhini, naye huupiga upite kati ya milingoti miwili juu ya mwamba wa goli. Teke hilo lilikuwa na thamani ya pointi 4 hadi mwaka 1909 lilipopunguzwa kuwa 3. Kulikuwako pia teke la kudondosha, ambapo mchezaji huuachilia mpira udunde kisha huupiga unapoinuka. Mpira wa enzi hizo ulikuwa wa mviringo kuliko wa leo, kwa hiyo mdundo wake ulitabirika. Thorpe alizimudu aina zote mbili, fauka ya kubeba mpira, kuwaangusha wapinzani na kupiga mateke marefu ya kuokoa. Leo mpigaji huingia uwanjani kwa sekunde chache, akapiga, akatoka akiwa msafi. Thorpe alipiga akiwa amechoka, ana matope, na pengine amekwisha angushwa mara thelathini.

Siku yake kuu kwa mguu ilikuwa tarehe 11 Novemba 1911, katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Harvard. Harvard ilikuwa miongoni mwa timu zenye nguvu kupita zote Marekani. Ilikuwa pia chuo cha watoto wa matajiri, ilhali Carlisle ilikuwa shule ya ufundi ambayo haikuwa chuo kikuu kwa maana yoyote ile. Harvard iliwadharau wageni kiasi cha kuanza mchezo na wachezaji wa akiba. Thorpe alikuwa ameumia mguu majuma machache kabla, akacheza ukiwa umefungwa bendeji. Akapiga mateke manne, na yote manne yakapita juu ya mwamba, mojawapo kutoka umbali wa zaidi ya yadi 40. Pointi 12 zikatoka mguuni mwake. Harvard iliwaingiza wachezaji wake wakuu katika sehemu ya mwisho ili iokoe hadhi yake, lakini mchezo ukaisha Carlisle 18, Harvard 15. Msimu huo Carlisle ilishinda michezo kumi na mmoja, ikapoteza mmoja tu, dhidi ya Syracuse, kwa tofauti ya pointi moja.

Sasa tuulize fedha za viingilio zilikwenda wapi. Carlisle ilicheza takriban michezo yake yote mikubwa ugenini, katika viwanja vya vyuo vikubwa, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na watazamaji na mgawo wa mapato. Fedha hizo ziliingia katika mfuko wa michezo uliokuwa chini ya mamlaka ya kocha. Wachezaji walipata malazi bora, chakula bora na vijizawadi. Zaidi ya hapo walibaki wanafunzi ambao serikali iliwahesabu kuwa walinzi wao ni maafisa wake. Mwaka 1914 kamati ya Bunge la Marekani ilikwenda Carlisle kuchunguza malalamiko ya wanafunzi, ikasikia habari za matumizi ya mfuko huo na za jinsi Warner alivyowatendea vijana. Aliendelea kufundisha huko hadi mwisho wa msimu wa mwaka huo, kisha akaondoka. Alikwenda Chuo Kikuu cha Pittsburgh, akaendelea kuwa kocha mwenye sifa kubwa, na hadi leo jina lake limo katika mashindano ya futiboli ya watoto nchini Marekani.

Kati ya msimu wa Harvard na uchunguzi huo ndipo palipotokea habari za Stockholm ambazo watu wengi wanazijua juu juu. Katika Michezo ya Olimpiki ya 1912 Thorpe alishiriki pentathloni na dekathloni. Katika pentathloni alishika nafasi ya kwanza katika michezo minne kati ya mitano. Katika dekathloni, iliyofanywa kwa siku tatu, hakushuka chini ya nafasi ya nne katika mchezo wowote kati ya ile kumi. Alishinda kuruka juu, kurusha tufe, mbio za viunzi na mita 1,500, akajipatia jumla ya pointi 8,412. Aliyemfuata, Hugo Wieslander wa Sweden, alipata 7,724. Ipo picha inayomwonyesha Thorpe akiwa amevaa viatu viwili visivyolingana, kwa sababu vyake vilikuwa vimetoweka na ikabidi aokoteze vingine.

Magazeti ya Marekani yalimwandika kana kwamba alikuwa mnyama mzuri wa porini aliyezaliwa na kasi. Yalidai alilala melini safari nzima ilhali wenzake walikuwa wakifanya mazoezi. Wenzake hao wenyewe walishuhudia baadaye kwamba alikimbia nao kwenye sitaha kila siku. Lugha hii yastahili kuchunguzwa na wanafunzi wa isimu jamii. Mzungu akishinda, husemwa kwamba amejitahidi; mwenyeji au mtu mweusi akishinda, husemwa kwamba amejaliwa. Wakimbiaji wetu wa Bonde la Ufa wamekwisha kupimwa mapaja na urefu wa ndimi za visigino na watafiti wa kila namna, na ni nadra kusoma habari za kilomita walizokimbia alfajiri.

Hakuwa mwenyeji pekee wa Carlisle huko Stockholm. Louis Tewanima, Mhopi ambaye alipelekwa shuleni humo mwaka 1907 karibu kama mfungwa, alitwaa nishani ya fedha katika mita 10,000. Mmarekani mwingine hakupata nishani katika mbio hizo hadi Tokyo mwaka 1964, Billy Mills, mwana wa Walakota, alipotwaa dhahabu. Ndiyo michezo ambayo Wilson Kiprugut aliipatia Kenya nishani yake ya kwanza ya Olimpiki.

Thorpe alirudi Carlisle, akacheza msimu mmoja zaidi wa futiboli, na tarehe 9 Novemba 1912 timu yake ikaishinda timu ya chuo cha jeshi cha West Point kwa pointi 27 kwa 6. Miongoni mwa makadeti waliotumwa kumzuia siku hiyo alikuwamo Dwight Eisenhower, ambaye baadaye alikuwa jenerali kisha rais. Wazee wa baadhi ya vijana hao wa Carlisle walikuwa wamepigana na jeshi hilo hilo kwa risasi, na mauaji ya Wounded Knee yalikuwa yametokea miaka 22 tu nyuma.

Kisha ukaja mwezi Januari 1913. Gazeti moja la Massachusetts lilichapisha habari kwamba Thorpe aliwahi kulipwa kwa kucheza besiboli katika ligi ndogo ya North Carolina miaka ya 1909 na 1910. Ilikuwa kweli. Alikuwa ameondoka Carlisle, akacheza huko kwa malipo ya kujikimu. Wanafunzi wengi wa vyuo vikuu vya Wazungu walifanya vivyo hivyo wakati wa likizo, ila wao walitumia majina ya uongo. Thorpe alitumia jina lake. Kwa kanuni za siku hizo, mwanariadha aliyelipwa katika mchezo wowote alipoteza hadhi ya kuwa mwanamichezo wa ridhaa, na Olimpiki ilikuwa ya watu wa ridhaa pekee. Chama cha Wanariadha wa Ridhaa cha Marekani kilimvua hadhi hiyo, naye Warner, ambaye ni vigumu kuamini kwamba hakujua mchezaji wake bora alikuwa wapi kwa muda wa miaka miwili, alikana kuwa na habari. Thorpe aliandika barua ya kukiri, akiomba ahesabiwe kuwa mwanafunzi asiyezijua kanuni. Inaaminika kwamba Warner alikuwa na mkono katika maneno yake. Nishani zikarudishwa Ulaya. Za dekathloni na pentathloni wakapewa Wieslander na Ferdinand Bie wa Norway. Wieslander hakuikubali kamwe dhahabu hiyo kuwa yake.

Nitatoa maoni yangu bila kuficha. Kanuni ya ridhaa haikutungwa kwa ajili ya usafi wa michezo. Ilitungwa na watu waliokuwa na mapato ya urithi, ili wasishindwe na watu waliofanya kazi kwa mikono. Mwenye mali huweza kucheza bure maisha yake yote. Fukara akicheza bure, mtu mwingine ndiye anayevuna. Harvard, Carlisle, Warner na wenye viwanja walijipatia fedha kwa mateke ya Thorpe bila kuvunja kanuni hata moja, ilhali yeye akapata senti za besiboli na kutangazwa mlaghai. Isitoshe, kanuni za michezo ya 1912 zilitaka pingamizi lolote liwasilishwe ndani ya siku 30 baada ya kufungwa kwa michezo. Malalamiko dhidi yake yalikuja baada ya takriban miezi sita. Waliokata kesi hawakujishughulisha na siku hizo. Mshtakiwa alikuwa kijana ambaye taifa lake lilihesabiwa kuwa chini ya ulezi wa serikali, na ambaye wengi wa watu wake hawakupewa uraia wa Marekani hadi mwaka 1924.

Baada ya kuvuliwa nishani akaamua kulipwa waziwazi. Alicheza besiboli katika ligi kuu hadi 1919, zaidi akiwa na New York Giants. Mwaka 1915 klabu ya Canton Bulldogs ya Ohio ilimlipa dola 250 kwa kila mchezo wa futiboli, fedha nyingi kwa wakati huo, na watu wakafurika viwanjani. Katika mchezo wa marudiano dhidi ya mahasimu wao wa Massillon, Canton ilishinda 6 kwa 0, pointi zote zikiwa ni mateke mawili ya Thorpe, moja la kudondosha na moja la mpira ulioshikiliwa. Mwaka 1920 vilabu vilipounda chama ambacho miaka miwili baadaye kiliitwa National Football League, yeye ndiye aliyechaguliwa kuwa rais wa kwanza. Kazi ya ofisini hakuwa nayo sana. Walitaka jina lake, nalo ndilo lililouvuta umma. Leo ligi hiyo ni biashara ya mabilioni ya dola.

Miaka ya 1922 na 1923 aliongoza timu iliyoitwa Oorang Indians, ambayo wachezaji wake wote walikuwa wenyeji wa asili. Mwenye timu alikuwa mfugaji wa mbwa kule LaRue, Ohio, na lengo la timu lilikuwa kuwatangaza mbwa wake. Wakati wa mapumziko wachezaji hawakupumzika. Walivishwa manyoya, wakacheza ngoma, wakaonyesha ustadi wa mbwa mbele ya umati. Thorpe naye huonyesha mateke: husimama katikati ya uwanja, akapiga mpira kuelekea goli la upande mmoja, kisha akageuka na kupiga kuelekea la pili. Watazamaji walipenda. Alistaafu mwaka 1928 akiwa na miaka 41.

Yaliyofuata yasimuliwe kwa ufupi. Alioa mara tatu, akazaa watoto wanane. Mtoto wake wa kwanza wa kiume alifariki angali mdogo, na walio karibu naye walisema hakurudi kuwa mtu yule yule. Pombe ilimzidi. Mdororo wa uchumi ulipokuja alichimba mitaro Los Angeles na kuigiza vijisehemu katika filamu, mara nyingi akiwa Mhindi asiye na jina anayepigwa risasi. Olimpiki ilipofanywa katika mji huo mwaka 1932 hakuwa na fedha za tikiti. Habari zilipoenea, Makamu wa Rais Charles Curtis, ambaye yeye mwenyewe alikuwa na damu ya wenyeji wa Kaw, alimwalika akae naye. Mwaka 1950 waandishi wa michezo waliopigiwa kura na shirika la habari la Associated Press walimteua kuwa mwanamichezo bora wa nusu ya kwanza ya karne. Mwaka uliofuata Hollywood ikatoa filamu ya maisha yake, Burt Lancaster akimwigiza. Haki za hadithi hiyo alikuwa amekwisha ziuza zamani kwa bei ndogo. Katika kipindi hicho hicho alipasuliwa saratani ya mdomo akiwa mgonjwa wa kuhurumiwa, kwani hakuwa na uwezo wa kulipa. Alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 28 Machi 1953, huko Lomita, California.

Haki ya nishani ilikuja polepole mno. Miaka ya mwanzo ya 1980 mtafiti Robert Wheeler na mkewe Florence Ridlon waliipata nakala ya kanuni za 1912, yenye kifungu cha siku 30, katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Mwaka 1982 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilikubali kumrudisha katika orodha, lakini kama mshindi wa pamoja na wale waliomfuata, na mwezi Januari 1983 watoto wake wakapewa nishani za mfano. Ilihitajika miaka mingine arobaini hivi, hadi Julai 2022, kamati hiyo imtambue kuwa mshindi pekee. Mwaka mmoja kabla, 2021, vyuo vya Marekani vililazimika kuachia wanamichezo wao wapate fedha kutokana na majina yao.

Mwili wake una kesi yake. Baada ya kifo jamaa zake walimpeleka Oklahoma wamzike kwa taratibu za Sac na Fox. Ibada ilikuwa imekwisha anza mjane wake, mke wa tatu, alipofika na kuuchukua mwili. Miji miwili ya Pennsylvania iliyokuwa imefifia baada ya biashara ya makaa ya mawe kudorora, Mauch Chunk na East Mauch Chunk, ilikubaliana naye kuungana na kujiita Jim Thorpe, kwa matumaini kwamba kaburi lingewavuta watalii. Jina likabadilishwa mwaka 1954. Mwaka 2010 mwanawe Jack alikwenda mahakamani akitumia sheria ya 1990 ya kuwarudishia wenyeji mabaki ya wazee wao yaliyohifadhiwa katika majumba ya makumbusho. Jack alifariki mwaka 2011, ndugu zake pamoja na taifa la Sac na Fox wakaiendeleza kesi. Mwaka 2013 walishinda. Mwaka 2014 mahakama ya rufaa ikaubatilisha ushindi huo kwa hoja kwamba mji si jumba la makumbusho. Na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuisikiliza. Jeneza lingali limo katika kaburi la mawe mekundu kando ya barabara. Chini yake wenyeji wa mji waliweka udongo ulioletwa kutoka Oklahoma, na mwingine kutoka uwanja wa Stockholm.